Bila Kadi Hamtaona Kitu

Kosa lilikuwa langu. Naliandika hapa mwanzoni kabisa kwa sababu kwa miaka mingi nimekuwa nikilisimulia kama kosa la watu wa Mtoni, na watu wa Mtoni hawapo hapa kujitetea. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, cheti cha ufundi wa redio, hasira za karibu na mdomo usio na breki. Nilikuwa nimepanga chumba kimoja katika nyumba ya vyumba sita, hatua chache kutoka Barabara ya Kilwa. Ndani ya nyumba ile mimi peke yangu ndiye niliyetoka bara, mimi peke yangu ndiye niliyekwenda kanisani Jumapili, na mimi peke yangu ndiye mwanamke niliyelala na bisibisi nne chini ya kitanda.

Mwenye nyumba alikuwa mama mjane, mzaliwa wa hapo hapo, mpole hadi ukamwonea huruma siku ya kudai kodi. Chumba cha mwisho, kinachopakana na uani, alikaa mama mkwe wake, yaani mama mzazi wa marehemu mumewe. Huyo sote tulimwita bibi. Miguu yake ilikuwa imegoma kabisa. Asubuhi alibebwa kupelekwa uani, jua likikaza alirudishwa ndani, na katikati ya safari hizo mbili aliiongoza nyumba nzima kwa sauti tu. Alijua nani kaunguza wali kabla mpishi mwenyewe hajajua.

Mwaka huo mjukuu wake, binti pekee wa mwenye nyumba, alikuwa anaolewa. Kwa kuwa baba hayupo, wa kumwozesha alikuwa baba yake mdogo, mtoto wa kiume wa bibi aliyebakia. Baba mdogo huyu alikuwa mtu wa safari. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, vitu tulivyovizoea kwa kuvisikia vimeanza kuonekana madukani, na kila mwenye pasipoti alikwenda Dubai akarudi na maboksi. Wengine walirudi na vitenge na redio. Yeye alirudi na kamera ya video.

Alinigongea mlango jioni moja, boksi mkononi. "Dada fundi, hebu nitazamie kitu hiki. Nataka siku ya harusi watu wakome."

Nikakitazama. Ilikuwa kamera kweli, nzito, lenzi safi kabisa, lakini haikuwa na mahali pa kuweka kanda. Ilikuwa ya zile za zamani kidogo, ambazo zenyewe ni jicho tu, na picha inakwenda kwenye deki inayoning'inizwa begani kwa waya mnene. Deki ilibaki Dubai. Muuzaji alimwambia baba mdogo kwamba deki si lazima, akamfungia ndani ya mfuko wa nailoni saketi moja ya kijani, tupu, haina hata kifuniko, ukubwa wa nusu ya daftari la shule. Hiyo ndiyo ingekaa mahali pa deki: upande mmoja inaipa kamera umeme wa volti kumi na mbili, upande wa pili inaipokea picha kutoka kwenye kamera na kuipeleka kwenye televisheni. Chuoni kwetu saketi ya namna hiyo, ya kuchomeka, tuliiita kadi. Mwalimu aliita kadi, nasi tukaita kadi, na neno likakaa kichwani mwangu likiwa na maana hiyo.

Nilimweleza ukweli kwamba hatutarekodi chochote. Tutakachokipata ni picha ya wakati huo huo, kamera ikiwa nje, televisheni ikiwa ndani. Tukizima, basi, hakuna kilichobaki. Baba mdogo alinywea kidogo. Alikuwa amekwisha kuwatangazia watu mkanda.

Aliyeuona uzuri wa jambo hilo ni bibi. Alikuwa ameketi kwenye mkeka wake pale uani, akanisikia nikieleza, akaniita.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hicho kidude chenu kinaweza kunionyesha ndoa ikifungwa?"

"Ndoa gani, bibi?"

"Ya huyu mtoto. Mie nimeolewa, nimeozesha watoto watano, wajukuu nishaacha kuhesabu. Ndoa sijaiona hata moja. Wanaume wako nje, sie tuko ndani, mara mtu anakuja mbio, tayari, pigeni vigelegele. Napiga. Huko nje kumetokea nini, sijui. Nataka nione tu kabla sijaondoka."

Kwetu ndoa inafungwa mbele ya kanisa zima, bibi harusi kasimama hapo hapo, na watoto wanalia kwenye mabenchi. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuwa katikati ya harusi zote za ukoo kwa miaka sitini na asijue kinachofanyika. Wanawake wengine wenye miguu walichungulia kwenye pazia, wengine walizibwa na migongo ya wanaume, lakini bibi hata wakati miguu ikiwa mizima alikuwa ni mtu wa kushinda na mwali chumbani. Nikamwambia utaiona, bibi, na usipoiona nitahama nyumba hii. Hivyo ndivyo nilivyokuwa naongea siku hizo.

Kuanzia hapo harusi ile kwangu ilikuwa na kazi moja tu.

Na kazi ilinitoa jasho. Ule waya mnene wa kamera ulikuwa na pini kumi, karatasi ya maelezo haikuwapo, na pini moja ukiikosea unaiunguza kamera ya watu. Nilikaa siku tatu na mita, pini kwa pini, naandika kwenye kiganja: hii ya umeme, hii ya ardhini, hii ya picha, hii sijui. Ile ya "sijui" mpaka leo sijui. Televisheni za wakati ule nazo nyingi hazikuwa na tundu la kuingizia picha, zilikuwa na tundu la antena tu, kwa hiyo nikakitoa kisanduku kidogo cha bati kwenye mashine iliyokufa ya michezo ya televisheni, kile kinachoigeuza picha iwe kama inatoka kituoni, nikakichomelea kwenye kadi. Mara ya kwanza nilipata chenga, vidoti tu vinavyoruka kwenye kioo. Mara ya pili nikapata chenga zenye mistari, nikafurahi mno, maana fundi anajua kwamba mistari ni maendeleo.

Mara ya tatu nikapata kuku. Nilikuwa nimeiazima kazini televisheni ndogo ya mteja, nimeiweka uani, na kamera imeelekezwa kwenye banda. Bibi akainama mbele.

"Mbona kuku anatetemeka?"

"Si kuku, bibi. Ni betri ya gari imechoka, umeme hautoshi."

Nikabadilisha betri, kuku akatulia. Bibi akamtazama kuku yule kwenye kioo kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kumtazama bandani, halafu akasema mguu wake mmoja una tatizo. Alikuwa sahihi. Tulimchinja kuku huyo Jumamosi.

Televisheni ya mteja ilitakiwa kurudi kwa mwenyewe, lakini hilo halikunisumbua. Nyumba ya pili kutoka kwetu alikaa jirani mmoja, mwanamke mkubwa wa umbo na wa sauti, ambaye alikuwa na televisheni ya rangi ya inchi ishirini. Wakati huo Bara hatukuwa na kituo. Aliyekuwa na televisheni alikuwa nayo kwa ajili ya deki ya kuonyesha kanda, isiyorekodi, au alisimamisha mlingoti mrefu kama wa meli akaitafuta Zanzibar siku za hali ya hewa nzuri. Jirani alikuwa na vyote viwili, na alikuwa amekubali kuiazimisha televisheni yake kwa harusi bila kuombwa mara mbili.

Sasa nifike kwenye Alhamisi yenyewe. Harusi ilikuwa Jumapili baada ya alasiri. Uani walikuwa wamejaa wanawake wa mtaani, wanachagua mchele kwenye nyungo, wanachekana, wanapangana nani atakoroga chungu kipi. Mimi nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye kona, koleo mdomoni, nachomelea waya wa mwisho, na joto la Machi limenikaa mgongoni. Mmoja wao akauliza kwa uzuri kabisa: "Dada fundi, na sie tutaona? Au ni ya bibi peke yake?"

Nilitoa koleo mdomoni. "Bila kadi hamtaona kitu," nikasema, bila kuinua kichwa. "Kadi ndiyo kila kitu."

"Kadi?"

"Kadi, ndiyo. Na yenyewe ni moja tu, imetoka Dubai. Hapa huipati."

Nyungo zikanyamaza. Nilisikia ule ukimya, lakini nilidhani wamestaajabia utaalamu.

"Kadi ya Dubai," mmoja akarudia polepole. "Haya."

Ile "haya" ya Pwani inamchukua mtu wa bara miaka kumi kuielewa. Mimi nilikuwa na mwaka wa pili.

Ijumaa asubuhi waliokuja kupika walikuwa watatu badala ya ishirini, na hao watatu walikuwa ndugu wa damu wasio na namna. Mwenye nyumba alisimama mlangoni akitazama njia. Saa nne akaja mpangaji mwenzetu na salamu kutoka kwa jirani: anasikitika sana, televisheni imeharibika.

Mimi nilifurahi. Nikachukua mkoba wa vifaa, nikaenda mbio, fundi kaitwa na Mungu mwenyewe. Jirani nilimkuta sebuleni kwake, ameketi mbele ya televisheni inayowaka, sauti juu, rangi tele.

"Shikamoo. Nimesikia imeharibika."

"Marahaba. Imeharibika."

Nikaitazama. Mtu alikuwa anaimba ndani yake. "Mbona inafanya kazi?"

"Hapa inafanya. Ikitoka nje ya mlango huu inaharibika."

Niseme kwa aibu kwamba nilianza kufikiria sababu za kitaalamu. Nikamwambia labda ni plagi, labda kuna waya unaolegea ikisogezwa, niifungue niangalie? Akanitazama kama mtu anayetazama ng'ombe aliyeingia dukani.

"Wewe mwanangu, unanichezea au huna akili? Sie hapa ni watu wa kualikwa kwa mdomo. Nyie wa kadi mna watu wenu wa kadi. Kawaombeni hao tivii."

Hapo ndipo neno lilinigeukia kichwani, na nikaliona lilivyoonekana upande wa pili. Kwetu pia kadi ni ile ya harusi, yenye picha ya pete mbili, na mlangoni pa ukumbi anasimama mtu aliyevaa tai, na asiye na kadi anarudi nyumbani na zawadi yake. Nilikuwa nimezikuta kadi hizo hata Kinondoni kwenye harusi za makarani waliotoka kwetu. Lakini Mtoni kwa wenyeji mambo hayakuwa hivyo. Mwenye shughuli alikuja mwenyewe mlangoni pako, akavua viatu, akaketi, akaulizia watoto mmoja mmoja, ndipo akakwambia ana jambo lake. Mama mwenye nyumba wetu alikuwa amezunguka hivyo siku nne, na jua lote lile. Kisha mimi, mpangaji, nimelala kifudifudi uani kwake, nawatangazia wageni wake kwamba kuna kadi, ni moja, na imetoka Dubai.

Nilieleza. Jirani hakunielewa, na sikumlaumu, maana nilikuwa naeleza kwa volti. Nikarudi nyumbani nikamwambia mwenye nyumba kila kitu. Akaketi kwenye kizingiti.

"Umeniua, mwanangu," akasema. Hakufoka. Angefoka ningejisikia nafuu.

Bibi alikuwa amesikia yote kutoka chumbani. Nilidhani atacheka, kwa kuwa alikuwa mtu wa kucheka. Hakucheka. Aliuliza tu, "Basi ndiyo siioni tena?" Nami nikaingia chumbani kwangu nikalia, na nililia kwa hasira, hasira zote zikinielekea mwenyewe, jambo ambalo halikuwa desturi yangu.

Jumamosi asubuhi mwenye nyumba akanigongea. Mkononi alikuwa na doti ya kanga mpya, sinia na kawa.

"Ulilisema kwa mdomo," akasema, "utalisema upya kwa mdomo. Mlango kwa mlango. Na hicho chenyewe uwaonyeshe."

Akanifunga kanga vizuri, moja kiunoni, moja kichwani, maana mimi kanga nilikuwa naivaa kama taulo. Tukaiweka kadi katikati ya sinia, na nyaya zake zote zikining'inia, tukaifunika kawa kama biriani. Nikaanza na jirani. Nilivua viatu, nikaketi chini, nikaulizia watoto wake wote na nikawakosea majina wawili. Kisha nikafunua.

"Kadi niliyokuwa naisema ndiyo hii. Nimekuja kukuomba radhi."

Jirani akaitazama. Akaichukua, akaigeuza, akainusa. Akavuta waya mmoja kidogo. "Na hii mtu anaionyesha mlangoni ndo aingie?"

"Hapana, mama. Hii inakaa kwenye kamera. Bila hii televisheni haipati picha, na bibi hataiona ndoa. Ametaka kuiona maisha yake yote."

Aliniomba nirudie hilo la bibi. Nikarudia. Akairudisha kadi kwenye sinia taratibu, kisha kicheko kikaanza kumtoka kutoka tumboni hadi akajishika ukuta. Alipomaliza kucheka akavaa buibui lake na kutangaza kwamba peke yangu nitaharibu tena, mdomo wangu anaujua, ataongozana nami.

Tukazunguka. Yeye mbele, mimi nyuma na sinia. Kila mlango alipiga hodi yeye, akaingia yeye, na kabla sijaketi alikuwa amekwisha kusema: "Kadi ya Dubai hiyo, shoga, itazame vizuri usije ukasema hukualikwa." Nami nafunua kawa. Watu waliokuwa wamenuna toka Alhamisi walijaribu kuendelea kununa, wengine walifika hata nusu. Mmoja alitafuta jina lake nyuma ya saketi. Mwingine, mtu mzima sana, aliishika kwa mikono miwili na kuisomea dua, na hiyo naamini haikuipunguzia kitu. Kila mtu aliishika. Kila mtu alivuta waya kidogo, kama jirani. Nilikuwa naona, roho inaniuma, lakini mtu aliyekuja kuomba radhi hawezi kuanza kuwakemea watu wasiguse.

Tulipita nyumba thelathini na kitu, zikiwamo ambazo hazikuwa kwenye hesabu ya awali. Jioni uani palikuwa hapana pa kukanyaga.

Jumapili nilisali ibada ya kwanza, nikarudi kufunga mitambo. Turubai lilikuwa mbele ya nyumba, mikeka imetandikwa, kamera nimeisimamisha pembeni ya baraza kwenye stendi ya miguu mitatu, imeelekezwa pale atakapoketi bwana harusi. Waya mnene wa kamera ulikuwa mfupi, kwa hiyo kadi na betri viliwekwa ndani tu ya mlango wa mbele, nyuma ya pazia. Kutoka hapo waya mwembamba wa antena ulipita koridoni mpaka chumba cha bibi, ambako televisheni ya jirani ilikalia meza ya cherehani. Vyumba vya mbele siku hiyo viliachiwa wanaume, na wanawake walijaa chumbani kwa bibi na koridoni kote.

Shehe alipofika aliiona kamera, akaniuliza kwa upole kama inapiga picha.

"Hapana, shehe. Inapeleka tu ndani. Ikizimwa hakuna kinachobaki."

Akafikiri. "Basi ni sawa na dirisha," akasema, akaenda kuketi.

Nikawasha. Picha ikaja, safi, ila haikuwa na rangi. Kamera ilitengenezwa kwa ajili ya nchi moja na televisheni kwa nchi nyingine, kwenye mambo ya rangi hazikuelewana. Jirani aliona ni dharau kwa televisheni yake. Nilimwambia kanzu ni nyeupe na kofia ni nyeupe, hakosi kitu.

Bwana harusi akaingia na watu wake, akaketi, na wakati huo huo chumbani kwa bibi wanawake wakapiga kelele zisizo za furaha. Nikakimbilia kule. Chenga. Chenga tupu, kioo kizima. Nikarudi mbio mlangoni, nikapiga magoti, nikachungulia nje, nikakuta taa ndogo nyekundu ya kamera imezimika. Waya wa umeme, ule uliovutwa kidogo nyumba thelathini na kitu, ulikuwa umenyofoka kwenye kadi. Kuuchomelea upya kungechukua dakika kumi, na nje shehe alikuwa ameanza hotuba.

Nikaushika kwa vidole. Nikaubana pale pale ulipotoka, kidole gumba juu, cha shahada chini, nikaegemeza kiwiko kwenye betri. Taa ikawaka. Koridoni zikapita minong'ono: imekuja, imekuja. Nikajua kwamba mimi fundi wa mambo yote haya televisheni sitaiona, nitakaa hapa nyuma ya pazia mpaka mwisho. Nikikohoa tu, bibi anapata chenga.

Hotuba iliisha. Kwa upenyo wa pazia nilimwona baba mdogo akisogea, akakaa uso kwa uso na bwana harusi, akampa mkono wa kulia. Wakashikana. Hata mimi sikujua kama wanashikana mikono. Nyumba nzima ilinyamaza, wanawake wote wale na midomo yote ile.

Ndipo kutoka chumba cha mwisho likaja swali. Lilipita koridoni mdomo kwa mdomo, kwa kunong'ona, mpaka likamfikia jirani aliyekuwa amechuchumaa nyuma yangu, naye akanitia sikioni.

"Bibi anauliza, mbona mkono unatetemeka? Ni waya wako huo au ni yeye?"

Nikatazama vidole vyangu. Vilikuwa vimekufa ganzi, lakini vimetulia, na taa ilikuwa imetulia. Nikatazama nje. Bwana harusi alikuwa kijana mrefu, mpakiaji wa bandarini mwenye mabega ya kazi, na mkono wake ndani ya mkono wa baba mdogo ulikuwa unatikisika waziwazi hadi kwenye kiwiko.

"Mwambieni ni yeye," nikasema.

Jibu likarudi kwa njia ile ile. Baba mdogo akasema maneno yake ya kuozesha. Bwana harusi akafungua mdomo, sauti ikamkatalia, akameza mate, akasema amekubali. Vigelegele vikalipuka kabla mtu hajaja mbio kusema tayari. Walikuwa wameona wenyewe.

Niliuachia waya, nikajinyoosha, nikaenda kwa bibi. Wanawake walikuwa wanacheza, wengine wamekwisha kumzunguka mwali. Bibi alikuwa kitandani, anatazama chenga. Hakuwa amepiga kigelegele, niliambiwa baadaye. Nikaogopa kwamba nimemkosea kitu.

"Umeiona, bibi?"

"Nimeiona."

Baba mdogo akaingia, kama ilivyo ada, kumpa mama yake mkono wa heri. Bibi akaushika mkono ule, ule ule uliokuwa kwenye kioo, hakuuachia.

"Wewe ulipooa ulitetemeka?"

Baba mdogo akatutazama sisi wanawake, akaona hapana pa kujificha. "Mama, mie nusura nidondoke."

"Na kaka zako?"

"Wote, mama. Nimeshuhudia ndoa nyingi zikifungwa, sijaona mwanamume asiyetetemeka hapo. Hata wazee."

Bibi akaanza kusema, kama anayeongea na ile televisheni, kwamba mumewe, baba wa hawa, usiku ule wa harusi yao alimwambia kwamba yeye alisema "nimekubali" kama mtu anayeagiza chai. Alijisifu hivyo mbele ya watu mpaka anazeeka, mpaka anakufa. Na yeye, bibi, akaliweka moyoni: mtu huyu alinichukua kama kikombe cha chai. Akampikia, akamzalia watano, akamuuguza, na lile neno halikutoka.

Alijifuta uso kwa ncha ya kanga, na sikuweza kujua kama anacheka au analia, nadhani vyote.

"Kumbe alikuwa mwongo yule mzee," akasema. "Miaka yote ile nimemnunia bure."